Mche kwa Kila Shati

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, na ubishi alizaliwa nao. Mimi napiga pasi. Kibanda changu kilikuwa kando ya njia ya kwenda shuleni: meza, kamba ya kutundikia nguo na pasi ya mkaa yenye kijogoo mbele. Mshahara wake ukichelewa, pasi hiyo ndiyo iliyotulisha.

Muhula uliopita alifundisha mabadiliko ya tabianchi. Aliwaambia wanafunzi kwamba kila mtu, kwa anachowasha na anachochoma, anaacha nyuma yake hewa ukaa inayoipasha dunia joto, na kwamba kiasi hicho huitwa nyayo za kaboni. Kisha akawatuma mtaani wakachunguze nani anaongoza kwa moshi. Walirudi na jibu moja: mkewe.

Mwanamume mwingine angebadilisha mada. Yeye alisema mtu hanyang'anywi riziki yake, ila kila nguo itakayopigwa pasi, mwenyewe apande mche wa kufidia. Nyumbani aliniapia kwamba alimaanisha kwenye kile kilima kitupu nyuma ya shule. Lakini hakuwaambia, na watoto wakaamua moshi ufidiwe pale pale unapotokea.

Basi wakahamia kwangu. Kila nikimaliza shati, kiranja wao, binti mwenye adabu ya kutisha, alinisalimu, akauliza ni la nani, akamkabidhi mwenyewe jembe. Bwana harusi mmoja alipanda wa koti na wa suruali, akafika kwenye ndoa yake amechelewa na kucha nyeusi.

Miche ikanizingira. Wateja wakawa wanapita kiubavuubavu, wengine wakaacha kuja kabisa. Kung'oa sikuthubutu, maana ukigusa mche darasa zima linasimama kukutazama, na hayo macho si mchezo. Nilimwomba mume wangu awazuie. Akasema hawezi kufundisha jambo leo na kulikana kesho. Yeye mwenyewe alishaikataa pasi yangu. Suruali alizilaza chini ya godoro, mashati akayavaa yalivyo, mikunjo ikielekea kila upande. Mpiga pasi mzima mimi, naona haya kutembea na mume wangu! Nilimchukia, sifichi.

Kisha wazazi wakalalamika kwamba hawawezi kuwasha jiko bila kusimamiwa na watoto wao. Ofisi ya elimu ikatangaza kumleta mkaguzi. Asiporidhika, mume wangu angehamishiwa mbali, nami nina mama mgonjwa wa kitandani, nisingeweza kumfuata. Ndoa yetu ikawa mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Asubuhi ya ukaguzi akaja bwana mmoja mnene na koti lililojikunja kwa safari. Aliomba nifanye haraka, ana kazi ya ukaguzi hapo shuleni. Sijawahi kulinyoosha koti la mtu vile. Nilipomkabidhi tu, kiranja na wenzake hao, na mche, na jembe.

Binti akamweleza utaratibu. Mkaguzi akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Akauliza nani kawafundisha, wakamtaja mwalimu wao. Akapokea jembe, akatazama huku na huku. Hapakuwa na nafasi hata ya kutua bakuli.

"Samahani, Mama Mwalimu," kiranja akasema. "Pamebaki hapo uliposimama."

Nilitaka kulia. Nikikataa, mkaguzi ataona somo limemshinda mke wa mwalimu mwenyewe. Nikiinua meza, sina tena pa kuitua.

"Chimbeni," nikasema, nikainua meza.

Mkaguzi aliingia darasani na udongo magotini, akasikiliza somo mpaka mwisho, akaondoka ameridhika. Mume wangu hakuhamishwa. Kibanda changu sasa ni kichaka, na ndege wamejenga juu ya kamba yangu.

Siku hizi napigia pasi chumbani kwetu, miguuni pa kitanda, dirisha wazi. Sakafu ni ya saruji, hakuna wa kuchimba. Mwalimu anakaa kitandani anasahihisha madaftari katikati ya moshi. Jana nilimuuliza kama unamsumbua. Akasema hapana, huku machozi yanamtiririka.

Kisha akaitazama sakafu kwa muda mrefu, akavua shati lake, akaliweka mezani kwangu.