Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Kibuyu cha Bibi kilinuka moshi, ng'ombe, na uchachu unaopanda puani mpaka unapiga chafya. Nyumba yetu kule Butiama ilinukaga hivyo hivyo, na mimi pia, ndiyo maana shuleni nilikaliaga dawati peke yangu, nikajiita mwenyekiti. Mama alishaolewa kwingine, Bukima. Baba alikuwa mtu wa kuongea na ng'ombe tu. Kwa hiyo mimi na Bibi ndio tulikuwa kijiji. Kila jioni alichukuaga kijiti chenye moto, anakisugua ndani ya kibuyu, kisha anamimina maziwa mapya juu ya yale machache ya jana. Maji hayakuruhusiwa kuingia mle. Alisema ndani kuna kitu kinaishi na kinakula. Mimi nilichunguliaga nione kama kina macho.

Mwaka ule sabuni ilikuwa imeanza kurudi madukani, baada ya miaka ya kufulia majani ya mpapai. Bibi akaugua tumbo, akapelekwa hospitali Musoma, nami nikaachiwa kazi ya kulisha kibuyu. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Niliongea na kibuyu, nikakijibia mwenyewe, na tukibishana kilinishindaga. Ndipo akaja Shangazi kutoka Mukendo, kulekule Musoma mjini. Akasema Bibi anatapika kila anachopewa, amekonda mpaka gauni linamzunguka, na anataka maziwa yake tu. Nilipokwenda kisimani, Shangazi akachungulia kibuyu akakiona cheusi. Narudi, nakuta kimegeuzwa juani, kinanukia kama bibi harusi.

“Mnamnywesha mama yangu masizi?” akanifokea. “Nimekisugua mpaka kimeng'aa!”

Tukamimina maziwa mapya. Kesho yake yalivutika kama kamasi. Shangazi akakaa chini akalia, “Mama atanifia.”

Kwetu, mwanamke akianza nyumba yake anapewa mbegu ya maziwa, yale machache ya kugandishia, kutoka kibuyu cha mwingine, ila lazima kwanza akae anywe na anayempa. Jirani yetu, Mama Wegesa, alipewa na Bibi. Lakini mbuzi wetu alikula mihogo yake, na tangu hapo hawakusalimiana. Shangazi aliona aibu kwenda. Mimi aibu sikuwa nayo, nikabeba kikombe.

“Leo ndiyo mmejua nyumba yangu ina mlango?” akasema Mama Wegesa. “Yule mbuzi wenu hajambo?”

“Tulimla,” nikamjibu.

“Na hamkuniita! Haya, kaa hapo.”

Nikakaa. Tukanywa, yeye ananisema, mimi nameza. Sikuwa nimekaa na mtu hivyo tangu Bibi aondoke, nikanywa polepole makusudi ili anitukane zaidi. Akanijazia kikombe cha mbegu, nikarudi nacho kwenye kibuyu chetu.

Maziwa yalipoganda vizuri, Shangazi akanichukua tukaenda Musoma. Bibi akanywa, akafumba macho. Sote tulisubiri aombe beseni. Maziwa yakatulia tumboni.

“Haya ni yangu,” akasema, “ila yamekaa kwa mtu mwenye maneno mengi.” Akaomba mengine. Aliporudi nyumbani, kwa Mama Wegesa ndiko alikopita kwanza.

Mimi niliishia darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nilimwachia mwalimu. Kwa hiyo juzi bwana shamba alipotueleza hapa Bweri, ninakoishi sasa, kwamba kuna bakteria wazuri, wanasaidia tumbo la mtu, la kuku, hata mboji ioze vizuri, nilitikisa kichwa kama profesa. Ni kweli anachosema. Siku hizi wanauzwa kwenye chupa. Unapiga simu, bodaboda analeta getini, anageuza anaondoka. Hakuna anayekusema kuhusu mbuzi. Mbegu yangu ninayo bado, inaganda vizuri kupita kiasi cha mtu mmoja, ila wanangu wapo mbali na majirani wana friji. Asubuhi nakunywa, nabakiza kidogo ndani, na yanayozidi nawapa kuku. Kuku wangu, jamani, wana matumbo yenye afya kuliko watu wote wa mtaa huu, na wala hawajui kusema karibu.