Meza ya Mfalme wa Uchina

Wakati wa hali ya hatari nilikuwa seremala kwenye shamba la kahawa Ruiru, na mke wangu alikuwa kijijini, ng'ambo ya Thika, na mimba ya mwezi wa tisa. Mtoto wetu wa kwanza alimzaa peke yake, na mtoto akafa. Nilikuwa nimemwapia kwamba wa pili nitakuwepo. Lakini Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, ile karatasi ya ruhusa, na bwana, mzungu mwenye shamba, alisema ataitia sahihi nikimaliza meza ya mkewe. Meza gani tena?

Memsabu akaniletea picha. Ai, picha hiyo! Mfalme wa Uchina amejilaza kitandani mchana kweupe, mashavu yamemjaa, anatazama wazee wawili wa baraza lake wakicheza kete nyeusi na nyeupe. Wengine wamesimama na birika, wanangoja kuitwa. Utadhani nchi nzima haina shida nyingine. Memsabu aliitaka ile meza ya kete, achezee drafti na wageni wake.

Sasa, aliyeichora aliichora kama mtu anayechungulia kutoka darini: ubao umelala upande, kona mbili zimebanwa, mbili zimevutwa. Fundi yeyote anajua ni macho tu yanadanganywa, meza yenyewe ni mraba. Ila mwezi uliotangulia nilikuwa nimemnyooshea kabati bila kuambiwa, akanitukana mbele ya mpishi. Safari hii alinionya mapema: "Kama ilivyo kwenye picha, fundi. Usiongeze lako."

Haya. Nikaweka kando skwea yangu ya kupimia pembe, nikaupinda ubao kwa makusudi. Siku tatu nzima nilikata pembe ambazo hata mwanafunzi wangu angezionea aibu. Mpishi alipita akasema meza yangu imelewa. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa kutumwa tu.

Ijumaa memsabu alipoiona alifoka mpaka mbwa wakatoka verandani. Nikamwekea picha kando ya meza. Kona kwa kona, zilikuwa zile zile. Nilifurahi, sikatai. Lakini wazee walisema hasira hasara, na mimi bado nilikuwa na hasira ya lile kabati; furaha yangu haikudumu: bwana akasema pasi itangoja meza nyingine.

Nikatengeneza nyingine, ya mraba, siku nne. Bwana akaitia pasi sahihi juu ya paja lake, hata macho hakuinua.

Nilimkuta mke wangu amejilaza, mtoto mzima kifuani, msichana wa siku tatu. Alikuwa amejifungua peke yake tena. Askari hawakumruhusu mkunga kupita lango la kijiji. Nikaketi nikamsimulia habari ya picha, ya mfalme na kitanda chake, ya memsabu na mbwa. Nilitaka acheke.

Hakucheka. Aliniuliza kama nilijua tangu mwanzo kwamba meza itakataliwa. Nikasema nilijua.

"Na mimi ulijua nakungoja," akasema, akamgeuza mtoto upande wa ukuta.