Kiongozi wetu wa kuwinda pongo

Jamani, anayetupeleka kuwinda nilikuwa simwamini tangu mwanzo!

Kibali tunacho. Mimi na shemeji Osmundi tunakwenda kuwinda pongo, yule swala wa msituni, kwa mara ya kwanza, milimani huko Mkumbi. Kiongozi ni Mjomba Otmari, anayejisifu ni mwindaji wa siku nyingi.

Leo tukipanga safari, nikamuuliza pongo hujificha wapi mchana.
Akaomba chai.

Shemeji akampa bunduki yake (haina risasi, msinishambulie) atuonyeshe inavyoshikwa.
Akaipakata kama mtoto mchanga.

"Mjomba, umewahi kuua pongo kweli?" nikamuuliza.

Akainama. "Wanangu, mimi nilikuwa mpishi wa wawindaji."

Shemeji alicheka. Mimi nikaichukua bunduki mikononi mwake.

Tunatafuta kiongozi mwingine. Mjomba anaomba aje kutupikia.

Nimemwambia apike kwanza hapa nyumbani, tuone. Nimekosea?