Maji ya Mpakani kwa Chennamma

Sanjamma alikuwa amemwambia mumewe mara moja tu, tena kwa sauti ya chini, kwamba hiki kiwe kisima cha mwisho. Viwili walivyochimba kwa mashine miaka iliyotangulia vilitoa vumbi tupu, na kile cha zamani kilichokuwa kikinywesha shamba lote sasa kilikohoa tope kwa dakika chache kisha kikanyamaza. Michungwa yao ilikuwa na umri wa miaka minane, umri ambao mti ndio kwanza unaanza kumlipa mwenyewe, na majani yake yalikuwa yamejikunja kama yaliyopitishwa karibu na moto. Obulesu, mumewe, alikuwa ameacha kula vizuri. Alikuwa akishika tonge la ugali wa ulezi, analichovya kwenye chatne ya karanga, kisha analisahau mkononi.

Kwa hiyo Sanjamma alikubali. Nyati wawili wa maziwa waliuzwa katika mnada wa mjini, na bangili zake zikaenda kwa sonara. Mkufu wa ndoa tu ndio alioubakiza shingoni.

Akaja mzee anayetafuta maji kwa nazi. Alitembea shambani nazi ikiwa imelala kwenye kiganja, akapita katikati ya michungwa, akapita kwenye mwamba, hadi akafika pembeni kabisa, kwenye mpaka na shamba la Chennamma. Hapo nazi ikasimama wima, ishara kwamba chini pana maji. Sanjamma alitazama mahali penyewe, kisha akatazama ng'ambo. Kutoka pale aliweza kuliona bomba la kisima cha wifi yake likimwaga maji kwenye miforosadi.

"Si karibu mno na kwa dada yako?" alimuuliza mumewe.

"Chini huko hakuna mpaka," alijibu Obulesu, akachomeka kijiti ardhini.

Chennamma alikuwa dada mkubwa wa Obulesu. Alifiwa na mume angali kijana, akarudi kwao, na baba yao kabla hajafa akamkatia kipande cha shamba. Watu walisema kipande chenyewe ni kibaya. Yeye akapanda miforosadi, akafuga kwenye banda la makuti viwavi wa hariri wanaokula majani yake, na kisima chake hakikuwahi kumwangusha hata katika kiangazi kibaya. Alikuwa mwanamke wa maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Watoto wa Sanjamma wote wawili walikwenda shule kwa viatu alivyonunua yeye.

Magari mawili ya wachimbaji yaliingia asubuhi, moja limebeba mtambo, jingine mashine ya hewa na mabomba. Msimamizi wao alikuwa Mtamil aitwaye Marimuthu, mtu mpole aliyekwishaona nyuso nyingi za wakulima. Alieleza bei zake bila kuficha: rupia tisini kwa kila futi hadi futi mia tatu, na baada ya hapo bei inapanda kila mia. Mabomba ya kuzuia udongo wa juu usiporomoke yanalipiwa peke yake. Maji yapatikane yasipatikane, futi ni futi.

Sanjamma alipaka manjano kwenye chuma cha mtambo, akavunja nazi, akawasha udi. Kisha kelele zikaanza. Udongo mwekundu ulitoka kwanza, wakashusha mabomba, halafu keekee ikafika kwenye mwamba na vumbi jeupe likapanda juu kuliko miti. Ndani ya muda mfupi michungwa yote ilionekana kama imepakwa chokaa. Marimuthu alikinga vumbi kwa kiganja, akalipikicha kwa vidole, akatikisa kichwa.

Futi mia tatu, vumbi. Futi mia tano, vumbi kavu. Alisimamisha mashine akamfuata Obulesu. Alimwambia kwamba angekuwa yeye, angeacha hapo, maana kila futi sasa ni ghali zaidi na mwamba haujaonyesha ufa.

"Tuache, baba watoto," Sanjamma akasema. "Nimekuomba."

Obulesu hakumtazama. "Ongeza," alimwambia Marimuthu.

Walipofika karibu na futi mia sita na arobaini, vumbi lilibadilika rangi likawa zito. Likatoka tope, kisha shimo likanguruma, na maji yakaruka juu yakiwalowesha wote. Obulesu alikaa chini kwenye matope akalia kama mtoto. Chennamma, aliyesikia kelele, alivuka mpaka akiwa na donge la sukari guru ndani ya pindo la sari yake. Alimlisha ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia sasa ajifunze kuoga kila siku, hana kisingizio. Wachimbaji walicheka. Hata Sanjamma alicheka.

Pampu ilifungwa, na michungwa ikanywa. Haikupita hata wiki Chennamma akaja kuulizia fundi, akidhani mota yake imeungua. Fundi aliing'oa pampu, akaikagua, akaona nzima. Akateremsha kamba yenye uzito ndani ya kisima, ikashuka na kushuka. Ilipopandishwa ilikuwa na unyevu kidogo tu kwenye ncha. Fundi alitazama upande wa pili wa mpaka, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Viwavi wa Chennamma walikuwa wamebakiza siku chache tu waanze kujifunga hariri, wakati ambao hula usiku na mchana. Miforosadi ilinyauka. Alitembea na kapu kuomba majani kwa watu, akapata haba, na nusu ya viwavi ikafa kwenye sinia. Akawamwaga shimoni yeye mwenyewe. Jioni ile alikuja akasimama uani, hakutaka kukaa.

"Obulesu, ungeniambia tu kwamba unayataka," alisema. "Ningekugawia."

Akaondoka. Sanjamma aliosha vyombo vyote kwanza, ndipo akamgeukia mumewe.

"Ile nazi ilisimama yenyewe?"

Obulesu alichokonoa ukuta kwa kidole. "Nilimwambia mzee aisimamishe pale," akasema mwishowe. "Nilijua maji ya dada hayakauki. Nilidhani ni mengi, yatatosha sote."

Sanjamma hakumtukana. Alimwambia kesho anunue mpira wa maji wa kufika ng'ambo, na kwamba saa za umeme wa pampu zitagawanywa katikati, nusu michungwa, nusu miforosadi. Obulesu alilalamika kwamba nusu ya miti itakufa, kwamba deni la mabomba bado, kwamba bangili zake mwenyewe Sanjamma ndizo zilizochimba kile kisima.

"Basi nina haki ya kusema yaende wapi," alijibu.

Miti ilikufa kweli. Upande wa juu wa shamba waliikata, na Obulesu akaiuza kuni kwa bei ya kutupa. Ile iliyobaki ilizaa, si sana. Chennamma aliyapokea maji bila kushukuru, akafuga viwavi wachache kuliko zamani, na ndugu yake hakumsemesha tena. Wakikutana njiani alikuwa akijifunika sari kichwani na kupita kama anayepisha mgeni.

Msimu wa kwanza wa machungwa baada ya hapo Obulesu alijaza kapu, akachagua yasiyo na doa hata moja, akaliweka mlangoni kwao na kwenda zake shambani. Sanjamma alilibeba kichwani hadi kwa wifi yake. Chennamma alikuwa akikata majani. Alilitazama kapu.

"Ametuma yeye, au umeleta wewe?"

Sanjamma alifikiri. "Kachuma yeye. Nimeleta mimi."

Chennamma aliweka kisu chini, akapangusa mikono. "Haya, ingia," akasema. "Kapu liache nje kwanza."