Nyota Kibogoyo

Kila Jumamosi fundi wetu wa vigae, hapa Fes, Moroko, huwafundisha watoto wa mtaani kazi aliyoifanya miaka arobaini, na mimi hufagia vipande vinavyodondoka. Kidole gumba chake cha kushoto hakina ukucha. Ulikwenda na nyundo zamani. Hasemi mengi. Hupita nyuma ya watoto na bilauri yake ya chai ya mnanaa, akirudia yale yale: "Uso chini. Papasa, usichungulie." Maana vigae vyetu hupangwa kifudifudi, plasta ikamwagwa mgongoni, na rangi huonekana siku ya kugeuza tu. Kila mtoto hupanga nyota ya vigae, naye hupanga yake kando yao.

Jumamosi iliyopita waligeuza. Kwenye nyota ya buluu ya Ghizlane, binti wa miaka saba, kigae kimoja kilikuwa kimekaa kinyume, udongo mtupu usio na rangi. "Kibogoyo! Nyota yako kibogoyo!" wenzake wakamcheka. Akavua aproni. "Sirudi tena hapa." Fundi hakumbembeleza. Aligeuza nyota yake mwenyewe, nayo ilikuwa na pengo kama lile katikati kabisa. "Maalim naye kibogoyo!" watoto wakapiga kelele. Fundi akajipiga paji la uso. Mimi nilimwona wiki ile ya kupanga, akikipindua kigae hicho kwa makusudi, kama afanyavyo kwa kila kundi jipya. Ghizlane akakishika kile kidole kisicho na ukucha, akakipitisha juu ya kigae kilichokaa sawa.

"Upande unaoteleza ndio uso, Maalim. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, rudia," akamwamuru, huku akijifunga tena aproni yake.