Shemeji Alinishukuru Mbele ya Watu, Kisha Akaninyima Kiti

Admin, nifichie jina, maana shemeji yangu anaufuata ukurasa huu. Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, tunaishi Grand Prairie, Texas, huku Marekani. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nimechoka, na naandika nikiwa nimechoka.

Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ni msimamizi wa mafundi wa mkataba kwenye mtambo wa umeme wa nyuklia. Ndiye aliyenitafutia kazi huko wakati wa matengenezo. Mimi husimama karibu na wanaochomelea vyuma, nikilinda moto usizuke. Kila asubuhi alitubeba kwa gari lake, mimi na dada mmoja Mkongo nitakayemwita Mama Riziki, mwendo wa zaidi ya saa moja.

Mwaka huu kampuni ilileta mkufunzi wa viongozi, mama mmoja Mmarekani mpole. Aliwafundisha wasimamizi kwamba yeyote akiona hatari asimamishe kazi, na msimamizi amshukuru mbele ya wenzake. Mtu akiogopa kusema, mtambo hauko salama.

Siku moja niliona cheche zikidondoka karibu na karatasi za plastiki. Nikapaza sauti, "Simameni!" Kazi ikalala alasiri nzima. Shemeji akanishika mkono mbele ya wote: "Asante sana. Hivi ndivyo tunavyotaka." Watu wakapiga makofi. Mkufunzi akatabasamu.

Jioni tulirudi kwa gari lake. Niliposhuka akasema, "Shemeji, wakubwa wanapenda usalama, lakini kazi ikichelewa wananiuliza mimi." Kesho yake akanitumia ujumbe kwamba gari limejaa. Nikawasha kigari changu kibovu. Akanipita barabarani, kiti changu kikiwa kitupu.

Jumapili tulialikwa kwake, mji jirani wa Arlington. Nikiwa jikoni akaita kutoka sebuleni, "Shemeji, pilau itaiva leo, ama utasimamisha jiko?" Wageni wakacheka. Mume wangu naye akacheka.

Juzi kazini, Mama Riziki aliona mtungi wa kuzimia moto ambao mshale wake umelala kwenye nyekundu, yaani hauna presha ya kuzima kitu. Akanionyesha kwa macho. Nikamwambia, "Sema basi." Akajibu polepole, "Dada, mimi sina gari."

Nikaenda kuubadilisha mwenyewe, kimyakimya. Hata mimi sikusema.

Sasa mkufunzi ameniomba Jumatatu nisimame mbele ya wasimamizi wote, nieleze nilivyopokelewa siku ile niliposimamisha kazi. Shemeji anatarajia kupandishwa cheo. Jana alikuja kwetu, akanywa chai, akasema, "Wewe sema ukweli tu. Si nilikushukuru?"

Ni kweli, alinishukuru.

Mume wangu akaongeza, "Huyu ndiye aliyetupokea nchi hii. Tumelala sebuleni kwake mwaka mzima. Usimwaibishe ndugu yangu."

Mlangoni, shemeji akageuka na kusema kwa upole kabisa, "Jumatatu nitakupitia. Kiti chako kipo."

Najua Mama Riziki atakuwa kiti cha nyuma, na mkutanoni atakuwa ananisikiliza. Jamani, ninyi mliofika ugenini kwa mgongo wa ndugu, nishikeni mkono kwa ushauri. Jumatatu honi ikilia nje, niingie kwenye gari lile? Na nikifika kule, nikasimama, niseme nini?