Pakiti ya Mfuko wa Shati

Mtaa mzima ulimwita Mzee Sigara, na hakuna aliye hai aliyejua kwamba hakuwahi kuvuta hata moja. Mkewe alijua, naye ametangulia.

Jina alilipata ujanani, machimbo ya urani kule kilimani yalipokuwa bado wazi. Daktari wa mgodi alisikiliza vifua kila baada ya miezi mitatu. Aliyekutwa na kikohozi cha vumbi alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo; mvutaji alionywa tu, akarudi chini. Basi kijana alipoanza kukohoa, mkewe akiwa mja mzito, alinunua pakiti. Mlangoni mwa kliniki aliwasha moja, akajifukizia shati mpaka ikaisha. Daktari alinusa, akacheka, akaandika: mvutaji. Wenzake watatu wa zamu wakamwiga. Wote wako makaburini sasa, na mafaili yao yanasema vivyo hivyo.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya huyu imekwenda miaka thelathini na minne. Mgodi ulifungwa, pakiti ikabaki mfukoni, maana uongo ukishauzoea ni kama nguo: utauvuaje mbele za watu? Mwanawe wa pekee alikua akiamini baba huvutia nyuma ya choo.

Mwaka huu kampuni mpya ikaleta mitambo ya kuchoronga miamba, kutafuta kilichobaki kilimani. Jumatatu mchana yule mwana, fundi jenereta aliyekaa mwaka mzima bila kazi, akaingia na buti mpya za kampuni mkononi.

"Usiende," mzee alisema.

"Baba, siku hizi kuna vipimo, kuna barakoa."

"Kifua hiki nilikipata kule kule."

"Hicho umekipata dukani, baba. Nani asiyejua?"

Mzee akamweleza yote: pakiti, shati, daktari. Alieleza vibaya, kwani kikohozi kilimkatiza, na aibu ikamkatiza zaidi. Mwana alisikiliza huku akitia kamba kwenye buti.

"Ijumaa mtaalamu wao alitusomea sisi waajiriwa wapya mafaili ya zamani," alisema kwa upole. "Waliougua, karibu wote walikuwa wavutaji. Mimi sijagusa sigara maisha yangu yote. Unanitisha tu nisiende, mzee wangu."

Mzee akaigusa pakiti mfukoni. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu ulikuwa unamchoma mtoto, na hilo ndilo lililomuua moyo.

Jumatano asubuhi alimfuata mpaka mlangoni. Alitaka kumwita kwa jina lake la utotoni, kikohozi kikamkunja mpaka akashika ukuta. Mwana akarudi, akampigapiga mgongoni mpaka pumzi ikatulia.

"Zitakuua hizi, baba," alisema.

Akaichomoa pakiti mfukoni mwa baba yake, akaitupa pipani, akapanda kilima.